Macho ya Mungu Hayaazimwi

Somo: Zaburi 139:1-12, 2 Wafalme 4:18-27

Wiki hii nataka tujiulize swali moja ambalo wazazi wengi hulijibu kila siku bila kulifikiria. Je, ni sawa kumwambia mtoto "Mungu anakuona" ndiyo asiguse sukari?

Kabla hatujajibu, hebu tuone mtoto mwenyewe anaelewa nini. Mwaka 2001, mtafiti Justin Barrett na wenzake kule Marekani walichapisha kazi waliyofanya na watoto wadogo. Walichukua boksi la biskuti, ndani wakatia mawe. Mtoto akiulizwa kuna nini humo, anasema biskuti. Boksi linafunguliwa, anaona mawe, linafungwa tena. Sasa anaulizwa: mama hajaona ndani, yeye atafikiri kuna nini? Na Mungu je? Wale wadogo sana, wa miaka 3 hivi, walisema hata mama atajua ni mawe. Kwao, ninachojua mimi kila mtu anakijua. Lakini wengi wa miaka 5 na 6 walitofautisha: mama atadanganyika, atasema biskuti, lakini Mungu anajua ni mawe.

Usiseme hayo ni mambo ya Wamarekani. Mwaka 2004 Nicola Knight na wenzake walitoa matokeo ya watoto wa Kimaya huko Yucatán, nchini Mexico. Huko walitumia kibuyu cha kuwekea chapati za mahindi, ndani wakaficha suruali fupi. Mambo yakaenda vilevile: kadiri mtoto alivyokua, ndivyo alivyoona kwamba binadamu anaweza kukosea na Mungu hakosei. Na mapema zaidi, mwaka 1991, watafiti walikuwa wameenda kwa watoto wa Wabaka katika msitu wa Kameruni. Huko hawakuuliza habari za Mungu, waliuliza za binadamu tu: mpishi akitoka, na kokwa zake za maembe ya porini zikihamishwa, akirudi atazitafuta wapi? Kufikia miaka 5 hivi, wengi walijua atatafuta pale alipoziacha.

Kwa hivyo mtoto wa mjini, wa kijijini na wa msituni wote hufika mahali pamoja. Wanagundua akili ya mtu ina mpaka. Kuhusu Mungu, matokeo hayako sawa kila mahali. Kule Ugiriki, utafiti wa 2007 ulionyesha watoto wadogo kabisa wakimpa Mungu mipaka ileile ya binadamu, na tofauti wakaijua baadaye. Mimi nasoma hapo ukumbusho wa Kumbukumbu la Torati 6: mambo ya Mungu mtoto hufundishwa nyumbani, mkiketi na mkitembea. Swali ni hili, tunamfundisha Mungu wa namna gani?

Mzazi akigundua kwamba mtoto ameshajua mama haoni kila kitu, hushawishika kuazima macho ya Mungu. "Mimi sioni, lakini Mungu anakuona!" Maneno ni ya kweli kabisa. Shida ni pale yanapotoka tu wakati wa sukari. Mtoto huyo atamjua Mungu kama askari wa mlangoni. Tunamsahau Hajiri, yule mjakazi wa Mwanzo 16. Alimwita Mungu kwa jina la Yule anayemwona, na hakuwa mwizi aliyekamatwa. Alikuwa mama mjamzito, ametoroka mateso, yuko peke yake jangwani. Kuonwa na Mungu kwake kulikuwa faraja.

Na sisi watumishi je? Sisi pia tuna kishawishi hicho, na kwetu ni kibaya zaidi. Mtu mzima, ambaye akiwa na miaka 5 alijua mama hawezi kuona ndani ya boksi, leo anaamini pasta anaona ndani ya moyo wake, ndoa yake na mfuko wake. Anaogopa kuuliza swali. Anatoa pesa ya karo kwa sababu ameambiwa "nimeona." Ndiyo, Mungu hufunua, na karama za Roho tunaziamini. Lakini hebu msome Elisha. Yule mwanamke Mshunami alipokuja na uchungu wa mtoto wake aliyekufa, nabii mkubwa vile alikiri kwamba Bwana alikuwa amemficha jambo hilo. Hakubahatisha, hakuigiza. Samweli naye alitazama sura ya Eliabu akadhani ndiye.

Nilisoma biashara, na huko somo la kwanza la pesa ni kwamba anayeishika asiwe ndiye peke yake anayeiandika. Sadaka huhesabiwa na zaidi ya mtu mmoja. Huo si ukosefu wa imani. Ni kukubali kwamba binadamu hudanganyika na hudanganya, na kwamba aliye na macho yote ni Mmoja.

Basi jibu langu ni hili. Mwambie mtoto Mungu anakuona, lakini mwambie zaidi akiwa anaogopa giza, akionewa shuleni, akifanya wema na hakuna aliyempongeza. Ukikosa kujua nani alivunja kikombe, sema, "Mimi sijui, niambie." Hapo unamfundisha mambo mawili kwa pamoja: mzazi ana mpaka, na ukweli unaweza kusemwa bila kutishwa. Na mtumishi yeyote, nikiwemo mimi, akikuambia ameona, una ruhusa ya Maandiko, 1 Wathesalonike 5:21, kupima jambo hilo.

Ombi la wiki: Bwana, tusaidie kukuogopa wewe uonaye, na tusijifanye wewe. Amina.