Je, Bangi Yaweza Kuwa Dawa?

Twajua sote jinsi bangi ilivyowaharibu vijana wengi. Tumewaona walioacha jembe na shule, na wengine wakapotewa na akili. Basi tukiambiwa kwamba katika mmea uo huo mna dawa ya mtoto mgonjwa, twaona haya hata kusikiliza. Lakini yatupasa kuuliza: je, kitu kilichotumiwa vibaya kimepoteza wema wake wote?

Neno hili si geni. Kati ya mwaka 1839 na 1843 tabibu William O'Shaughnessy, mtu wa Ireland, aliandika huko Calcutta, katika Bara Hindi, jinsi alivyowapa bangi wagonjwa wa pepopunda na wa degedege, akaona wengine wakipata nafuu.

Siku hizi wenye elimu wamepambanua zaidi. Katika bangi mna vitu vingi. Kimoja, kiitwacho THC, ndicho kilevyacho, na kingine, kanabidioli, hakilevyi. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watoto na vijana 120 wenye kifafa kikali kiitwacho Dravet. Juu ya dawa zao za kila siku, wapata nusu yao waliongezewa kanabidioli, na waliobaki kinywaji kisicho na dawa. Wale wa kwanza walikuwa wakishikwa na kifafa kama mara 12 kwa mwezi, ikapungua ikawa kama mara 6. Kwa wenzao haikupungua ila kidogo. Walioponywa kabisa walikuwa wachache, na wengine walipatwa na usingizi, kuhara na madhara ya ini. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliiruhusu dawa hiyo.

Tukumbuke na afyuni. Imewafanya wengi kuwa watumwa wake, lakini mofini itokayo humo huwatuliza wagonjwa wa saratani, wala hatuwaiti walevi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wala asije mtu akasema, "Nami navuta kwa kuwa ni dawa." Avutaye hajui kipimo, hajui ni kitu gani aingizacho mwilini, wala hana wa kumwangalia. Tena sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 yaikataza bangi. Dawa si jani tu. Ni jani pamoja na maarifa, kipimo na uangalizi.

Basi, mama mwenye mtoto wa kifafa akija kwetu na kuuliza habari hizi, tufanyeje? Tukimkemea, atakwenda kwa siri kumfukizia mtoto moshi, na pengine ataziacha dawa alizopewa hospitalini. Hapo mtoto aweza kufa. Tumsikilize, tumwambie kweli yote, kisha tufuatane naye mpaka kwa tabibu. Kuuchukia ulevi ni vema. Lakini chuki hiyo isitufunge macho tusimwone mtoto aangukaye motoni.