Ile Nafasi ni ya Nani?

Tafakari ya juma. Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5–7

Torati inamtaka kila ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mfupi ukingoni mwa dari, ili damu ya mtu aangukaye isije ikahesabiwa juu ya nyumba hiyo. Dari za wakati ule zilikuwa bapa. Watu walipumzika juu yake, na Rahabu wa Yeriko alitandaza huko mabua ya kitani. Mwenye nyumba aliujua ukingo wake hata gizani. Aliyehitaji ukuta zaidi ni mgeni, na mtoto wa jirani.

Wapendwa, nimeanzia darini kwa sababu ya swali ambalo madereva wetu hapa Kashai hubishana juu yake: gari likiwa na ABS, na lile la kisasa zaidi likiwa na mfumo wa kulizuia lisiserereke, je, dereva aitegemee mitambo hiyo? Wazee wa usukani hucheka. Wanasema dereva wa kweli anapampu breki kwa mguu wake.

Hapo wazee wetu nawapinga. Tairi likifungwa na breki halipindi tena. Unaweza kukata usukani mpaka mwisho na gari likaendelea kwenda moja kwa moja. ABS hulilegeza tairi na kulibana tena mara nyingi ndani ya sekunde moja, kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu unaoifikia, ili uendelee kupata usukani. Ndiyo maana pedeli hutetemeka. Wengi wakisikia mtetemo huo huogopa na kuondoa mguu, wakati wanapaswa kukanyaga kwa nguvu na kushikilia hapo hapo. Mfumo wa kuzuia kuserereka unakwenda mbele zaidi: hulinganisha mahali usukani unakoelekea na mahali gari linakokwenda kweli, kisha hubana gurudumu moja peke yake kulirudisha njiani. Nchini Marekani, watafiti wanaogharimiwa na makampuni ya bima waliona kwamba mfumo huu unapunguza karibu kwa nusu ajali za vifo zinazohusu gari moja tu. Huo ni ukuta wa dari kabisa. Anayeudharau anaidharau akili ambayo Mungu mwenyewe amewapa mafundi.

Lakini mtambo haumbi barabara. Nguvu yote unayoigawa inatoka pale tairi linapogusa ardhi, na mvua za Bukoba mnazijua. Tairi kipara juu ya lami yenye maji halina cha kushika, na kompyuta haiwezi kugawa kisichokuwapo. Kwenye kokoto za moramu mambo hugeuka: tairi lililofungwa hulima na kujikusanyia kokoto mbele yake, rundo hilo likasaidia kulisimamisha, ABS hairuhusu hilo, kwa hiyo gari linaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Anayeteremka kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe na alijue hilo kabla hajaanza kuteremka. Na mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama tangu breki ishike huwa mara nne. Hakuna kifaa kinachoifuta hesabu hiyo.

Hata hivyo jambo linalonisumbua mimi kama mchungaji halimo ndani ya mtambo. Miaka ya 1980, mjini Munich, Ujerumani, teksi za kampuni moja zilifuatiliwa: baadhi zilikuwa na ABS, nyingine hazikuwa nayo. Ajali zikatoka karibu sawa. Watazamaji waliopanda kama abiria wa kawaida, bila dereva kujua, waliona wenye ABS wakikata kona kwa ukali zaidi na kuyafuata kwa karibu zaidi magari yaliyotangulia. Walipewa mita kadhaa za usalama, wakazila kama mwendo. (Mlinzi wa Yezreeli alimtambua Yehu kwa mbali kutokana na uendeshaji wake wa kichaa. Sisi akina Yehu wetu tunawatambua kwa honi.)

Zile mita zilikuwa za nani? Dereva anadhani ni zake, kwa kuwa gari ni lake. Mimi nasema ni za mama anayepita kando ya lami na mkungu wa ndizi kichwani, za bodaboda, za mwanafunzi anayevuka bila kutazama. Hawa hawana mkanda wala puto la kuwapokea. Anayezigeuza mita hizo kuwa mwendo amechukua mali yao, hata kama siku hiyo amefika Muleba salama.

Ibilisi alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, na akamtajia zaburi inayoahidi malaika wa kumdaka. Ahadi ile ilikuwa ya kweli. Yesu hakuikana, wala hakujitupa. Kwenye vioo vya magari yetu tumebandika maneno mazito ya imani, na siwaombi muyabandue. Ila anayeingia kona yenye utelezi kwa mwendo wa kutisha, akiyategemea maandishi ya kioo au taa ya dashibodi, yuko juu ya kinara kile kile.

Na taa hiyo tuisikilize. Taa ya ABS ikibaki inawaka mnapoendesha, mfumo umegundua hitilafu na kwa kawaida umejizima; breki za kawaida huenda zinafanya kazi, lakini ule msaada haupo. Fundi anayeificha taa ili gari liuzike haraka anamdanganya mnunuzi, na aliyemtuma anashiriki dhambi hiyo.

Mnaoleta magari yabarikiwe Jumapili ijayo, leteni na funguo za buti. Kabla ya sala nitatazama matairi yote manne na la akiba, na lenye kipara litasubiri Jumapili nyingine.