Mlio Usio na Mstari

Jirani yangu hapa Ayany hulala redio ikiwa imewashwa. Si kwamba anasikiliza, anataka tu ifunike mlio. Mwaka jana, kwenye kiwanda kimoja kule Industrial Area, mpira wa kompresa ulipasuka karibu na sikio lake la kushoto. Tangu siku hiyo kuna mluzi humo ndani, kama wa birika lililosahaulika jikoni.

Mimi ndiye huandikia watu barua kwa hii ploti (niliacha chuo mwaka wa pili, lakini bado wananiita Profesa). Tukakaa na ile sheria ya 2007, ile watu huita WIBA. Inampa aliyeumia miezi 12 kupeleka dai. Ulemavu wa kudumu unakadiriwa kwa asilimia, kisha asilimia hiyo inapigwa kwa mapato ya miezi 96. Kuna jedwali: kidole kina namba yake, jicho lina yake, uziwi una wake. Mlio hauna mstari. Jeraha lisilo kwenye jedwali, Mkurugenzi ndiye hulikadiria. Lakini atalikadiriaje, na anayelisikia ni mtu mmoja tu duniani?

"Si uandike tu nimekuwa kiziwi," mzee akaniambia. "Wakinipima nitanyamaza."

Hapo nikakwama. Kant alikataa uongo hata mbele ya muuaji anayekuuliza rafiki yako amejificha wapi. Sijawahi kukubaliana naye. Kilichonisumbua ni kingine: kila anayejifanya kiziwi anamfunza daktari kumshuku kiziwi wa kweli anayefuata, na huyo pengine pia ni wa hapa Kibera. Lakini mbona usafi wa foleni nzima abebeshwe mtu ambaye hajalala? Kanuni za kelele za 2005 zinakataza zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Mwajiri ameandika kwamba alitoa vifunika masikio. Mzee hajawahi kuviona. Huyo hakuna aliyemuuliza kuhusu Kant.

Nikaandika ukweli: saa anazolala, redio, jinsi anavyomjibu mkewe kwa hasira akidhani amefokewa. Kurasa mbili. Nilijua huenda namnyima pesa ili mimi nibaki msafi, na bado nikaandika.

Akasoma polepole, akaweka sahihi.

"Profesa, na hii watalipa?"

"Sijui, mzee."

Akanigeuzia sikio la kulia. "Ati?"