Sitara na Ficho

Miongoni mwa maneno tunayoyaheshimu katika lugha yetu ni sitara. Mwenye kumsitiri mwenziwe husifiwa, na mwenye kumfichua hulaumiwa. Nataka hapa kulichungua swali moja tu. Kijana anapopatwa na sonona, wazazi wake wakamweka ndani na kuwaambia majirani kuwa ana malaria, je, wamemsitiri yeye au wamejisitiri wenyewe?

Swali hili nalipeleka katika milima ya Upare, wilayani Same, si kwa kuwa watu wa huko wana kasoro kutushinda sisi wa visiwani, bali kwa kuwa maisha yao ya ushirika huliweka jambo hili wazi. Huko maji ya mlimani hukusanywa katika ndiva, bwawa linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili mashamba yanyweshwe kwa zamu. Ndiva na mifereji yake hutengenezwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Asiyetokea huulizwa sababu, na asiyekuwa nayo huweza kutozwa faini. Utaratibu huo ni wa haki, kwani anayekunywa maji sharti ashike jembe.

Lakini sababu zinazopokelewa ni zile zinazoonekana: homa, msiba, safari, mguu uliovunjika. Kijana wa miaka 16 asiyeweza kuinuka kitandani kwa kuwa moyo wake umezimika hana jina la kulitaja mbele ya wenziwe. Huitwa mvivu. Akizidiwa, akaacha kula na kusema, huvushwa kwa siku moja tu kutoka uvivu hadi wazimu. Baina ya majina hayo mawili, la kwanza la kumlaumu na la pili la kumkimbia, hapana mahali pa kusimama mtu anayeumwa tu.

Ilhali maradhi haya yanajulikana. Huzuni au kutokuwa na hamu ya jambo lolote, takriban kutwa, takriban kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi kuvurugika, chakula kutopita, akili kushindwa kutulia juu ya kitabu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajapita miaka 14. Hutibika kwa mazungumzo yenye utaratibu, na kwa dawa pale inapohitajika. Dhana kwamba kijana hana la kumhuzunisha kwa kuwa hana mke wala deni haina msingi.

Wapare wenyewe wana kisa kinachotufaa hapa. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni kila mtu kukadiriwa mali yake na wakadiriaji, huyu atoe zaidi, yule atoe kidogo. Waliona kwamba kumpima mtu kwa kumkisia ni kumdhulumu, na kodi ile hatimaye ikaachwa. Basi ikiwa ni dhuluma kuyakisia yaliyomo ghalani mwa mtu, seuze yaliyomo moyoni mwake? Anayemtazama kijana aliyelala na kumhukumu mvivu amefanya kazi ya mkadiriaji yule, tena bila hata kubisha hodi.

Atasema msomaji kwamba wazazi wana hofu ya haki. Ni kweli. Posa huulizia wazimu katika ukoo. Bara, jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, limegeuzwa kuwa tusi. Na sisi Unguja tumelifanya vivyo hivyo jina la Kidongo Chekundu. Anayefanya mzaha huo barazani asimlaumu mama anayefunga mlango. Mlango ule umefungwa na mzaha wake. Wapo pia wanaomwambia kijana kwamba imani yake ni haba, awe ni wa kanisani au wa msikitini. Sala ni faraja kubwa, lakini kumfanya mgonjwa aone kuwa ugonjwa wake ni dhambi ni kumwongezea mzigo ambao hata mwenye kifua hafungiwi mimbarini.

Hata hivyo hofu ya haki haikigeuzi kila kitendo kuwa cha haki. Sitara ni haki ya anayesitiriwa. Kipimo chake ni chepesi: baada ya pazia kushushwa, je, aliye nyuma yake amebaki na mtu wa kusema naye? Akiwa naye, hiyo ni sitara, na mtaa hauna haja ya kujua zaidi. Akiwa hana, hilo ni ficho, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nchini Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao na kuwasikiliza. Hawakutumia jina la kigeni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa katika mabenchi yale walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nasi hatuna upungufu wa maneno. Husema fulani ana mawazo, amesononeka, ameingiwa na simanzi. Kinachopungua ni kuyakubali maneno hayo kama sababu.

Kwa hiyo ninalolitaka ni dogo. Siku ya msaragambo, mzazi akiulizwa mwanawe yuko wapi, aweze kujibu kwamba anaumwa, ana sonona. Naye msimamizi aliandike hilo kama anavyoiandika homa, asiulize la pili, na jioni mmoja wao apite kumjulia hali.