Jembe la Siku ya Tatu

Majina ya walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini Tanzania, yanaposomwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, hakosekani mtu wa kuguna huko nyuma na kusema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini nako husikika, kwenye daladala na vijiwe vya kahawa, kila serikali inapokabidhi nyumba kwa watu wa kipato cha chini. Anayeisema huwa ameshahukumu: hawa wamezoea kupewa, waachwe wajitafutie kama wenzao. Na kwa kuwa methali ni ya wazee, hukumu nayo huonekana imetoka kwa wazee. Mimi naona wazee wanasingiziwa.

Methali hii ina watu wawili na siku tatu. Wengi wetu huruka moja kwa moja hadi siku ya tatu na kumkodolea macho mgeni. Turudi kwanza kwenye siku ya kwanza. Mtu amefika jioni na kifurushi chake, miguu imejaa vumbi. Haulizwi ana nini, wala kwao alifanya nini hata akaondoka. Anapewa maji ya kunawa, anakaribishwa kwenye chakula, na kama unga uliobaki ni kibaba kimoja, huo huo ndio utakaosongwa. Siku ya pili hali ni ile ile. Waislamu wa pwani wanayo hadithi ya Mtume inayoweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Siku zimehesabiwa kwa sababu ukarimu huo ni deni, na deni lazima lijulikane kiasi chake. Mwenyeji anayeanza kumchunguza mgeni kabla hajala, akitaka kujua kama kweli ana njaa, ndiye aliyevunja desturi, hata kama siku ya tatu atajitokeza na jembe zuri namna gani.

Halafu jembe lenyewe. Mgeni hakuja nalo. Anayelitoa ni mwenye nyumba, na hilo peke yake linatosha kuigeuza methali. Ili iweze kutekelezwa, mwenyeji lazima awe na jembe la ziada, awe na shamba la kumwonyesha mgeni, na awe tayari kula naye kitakachovunwa. Jembe pasipo shamba ni mpini na chuma tu. Tena methali inamchukulia mgeni kuwa mzima wa mwili. Sijui mji wowote ambako bibi kizee aliyefiwa na wanawe alipokewa, akalala siku mbili, kisha alfajiri ya tatu akatupiwa jembe mlangoni.

Julius Nyerere aliitumia methali hii katika maandishi yake ya 1962 kuhusu Ujamaa. Hakuwa na huruma na wavivu. Alisema katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe ndiye aliyeomba jembe kabla ya kupewa, maana alijua kinachotarajiwa kwake na angeona haya kuendelea kukaa bure. Maneno haya hunukuliwa sana na wanaotaka kuwakemea maskini. Kinachosahaulika ni kwamba katika maandishi hayo hayo alishikilia kuwa ardhi ni ya wote, kila mtu ana haki ya kuitumia, na alipinga vikali kuigeuza kuwa bidhaa ya kuuziana. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Jamii iliyoweza kumdai kila mtu kazi ilikuwa imeshampa kila mtu mahali pa kufanyia kazi.

Nadhani tumefika hapa tulipo kwa sababu ya lile toleo refu ambalo watoto wengi hulighani, linalohesabu siku za mgeni moja baada ya nyingine hadi ya kumi. Chakula kinapungua, nyuso zinakunjwa, na mwishowe mgeni anatolewa kwa nguvu. Ni mchezo wa maneno unaofurahisha, ila umetuzoesha kuliona jembe kama hatua ya kwanza ya kumfukuza mtu. Katika methali fupi jembe linamwingiza ndani. Aliyepalilia pamoja na wenyeji hawezi kuambiwa aondoke kabla ya mavuno. Tangu siku ile anahesabiwa kuwa mwenzao.

Historia yetu ya mijini inaonyesha mambo huwa vipi amri ya jembe ikitolewa bila jembe. Serikali ya kikoloni iliwaita vijana wa Dar es Salaam wasio na ajira wahuni na kuwarudisha makwao kwa lazima. Baada ya uhuru mtindo haukuisha. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na watu wakakamatwa barabarani kwa kushindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi. Wengi waliosombwa walikuwa wakifanya kazi kutwa, wanauza maandazi, wanashona viatu, wanabeba mizigo sokoni, lakini kazi zao hazikuwa kwenye daftari la mtu. Walipelekwa vijijini kulima, na baada ya muda wengi wakarudi mjini, kwa kuwa huko walikopelekwa hakukuwa na lililoandaliwa la kuwashikilia. Waliokuwa na jembe lao wenyewe walinyang'anywa kwa jina la jembe.

Leo mzozo umehamia kwenye ruzuku. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza kutekelezwa chini ya awamu ya tatu ya TASAF, kuanzia 2012, na ndani ya miaka michache ulifikia kaya zaidi ya milioni moja. Kwa mazungumzo ya mitaani ungedhani walengwa wanalipwa mishahara. Katika miaka ile ya mwanzo kiwango cha juu kabisa kwa kaya kilikuwa Sh 38,000 kwa mwezi, na si kila kaya iliyokifikia. Sehemu ya fedha hiyo ilikuwa na masharti: mtoto ahudhurie shule, mdogo apelekwe kliniki. Kaya yenye mtu mwenye nguvu ilipewa ajira za muda, kuchimba mabwawa na kutengeneza barabara za kijiji, siku 60 kwa mwaka, kwa Sh 2,300 kwa siku.

Mtu anayesema walengwa hawafanyi kazi angekwenda siku ya malipo. Wanakaa chini ya mwembe tangu asubuhi, wengi wao wanawake, kitambulisho kimefungwa kwenye ncha ya kanga pamoja na noti kuukuu. Anayeitwa anasogea mezani, anabonyeza dole gumba kwenye wino, anahesabu fedha mara mbili huku midomo ikitembea. Hafiki mbali kabla mwenye duka hajamkumbusha deni la sabuni na chumvi. Kinachobaki kinanunua kuku mmoja, jike, na wenzake wanamsaidia kumkagua manyoya na macho kana kwamba wananunua ng'ombe. Wiki inayofuata mama huyo huyo yuko kwenye kibarua cha kupalilia shamba la mtu. Hajaacha kulima hata siku moja. Alichokosa ni cha kumvusha kati ya kibarua kimoja na kingine.

Lawama kubwa zaidi ni ya pombe, kwamba ruzuku huishia kunywewa. Jambo hili limechunguzwa. Majaribio yaliyoanza 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha yalilinganisha vijiji vilivyopata ruzuku na visivyopata, na kilichojitokeza ni kadi za mfuko wa afya ya jamii, viatu vya watoto na mifugo midogo midogo. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka sehemu mbalimbali za dunia kuhusu swali hilo hilo, na hawakukuta ushahidi kwamba ruzuku za fedha huongeza unywaji na uvutaji. Mlevi mmoja wa kijijini kwetu anatosha kuzifuta tafiti zote hizo vichwani mwetu, kwa kuwa yeye tunamjua kwa jina, na wale mama waliokata kadi ya afya hawana la kusimuliwa.

Sisemi kwamba tuhuma zote ni uzushi. Kaya hewa zilikuwapo, na wasio na sifa waliingizwa na viongozi waliokuwa ndugu zao; uhakiki wa 2016 uliondoa maelfu ya kaya kwenye orodha. Wako pia watu ambao kupewa kumewapooza, na hilo linauma kulitazama, kwa sababu mtu akikaa muda mrefu bila kutegemewa na yeyote huanza kujiona si kitu. Hapo methali ina haki kabisa. Msaada usio na siku ya tatu unamdhulumu mgeni. Unamwacha sebuleni milele, anatazama wengine wakitoka asubuhi. Ninachokataa ni kumlaumu yeye kwamba siku ya tatu haikufika. Vikundi vya kuweka na kukopeshana, mbegu, maji ya umwagiliaji, mtaji wa kuku kumi badala ya mmoja, hayo ni ya mwenyeji kuyaandaa, na kinachoitwa kuhitimu kwa mlengwa kina maana pale tu yanapokuwapo. Kumwondoa mtu kwenye orodha kwa sababu miaka imetimia, huku hali yake ni ile ile, ni kumtoa nje tu.

Kwenye nyumba maoni yetu yamepinda zaidi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa 1962 kwa nia ya kumpatia Mtanzania wa kawaida mahali bora pa kuishi. Tangu wakati huo wanufaika wakubwa wa nyumba za umma wamekuwa nani? Kuanzia 2002 serikali iliwauzia watumishi wake nyumba zake, nyingine zikiwa kwenye viwanja ghali kabisa vya Dar es Salaam, kwa bei ambazo wengi waliziona za kutupa. Ulizuka mjadala mkali, lakini sikumbuki mtu akisema kwamba watumishi hao watakuwa tegemezi au watapoteza moyo wa kufanya kazi. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotaka wadaiwa sugu wa Shirika la Nyumba watolewe nje, miongoni mwao zilikuwamo wizara na taasisi za serikali yenyewe. Mama wa chumba kimoja Manzese anayechelewesha kodi hafikishi wiki mbili bila mlango wake kufungwa kufuli. Mgeni aliyekaa siku nyingi kuliko wote katika nyumba ya umma hana sura ya maskini.

Ndiyo maana habari ya Magomeni Kota, jijini Dar es Salaam, inafaa kutazamwa kwa makini. Kaya 644 zilihamishwa kwenye kota zao za zamani 2011, zikaishi kwa kutangatanga huku eneo likikaa tupu. Mwaka 2016 Magufuli aliwaahidi kuwa watajengewa, na kwamba watakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Machi 2022 Rais Samia alizindua majengo waliyojengewa. Watu waliokuwa wakinung'unika kwamba hao wanapewa vya bure walisahau kuwa walikuwa wenyeji wa pale kabla ya kuondolewa. Miaka mitano ile ndiyo siku zao mbili. Njia waliyoonyeshwa baada yake ni ya mpangaji mnunuzi, yaani kulipa kidogo kidogo hadi nyumba iwe ya mtu. Kwa mawazo yangu hilo ndilo jembe hasa, kwa sababu mwishoni lina umiliki. Anayepanga tu anampalilia mwingine maisha yake yote.

Wapo wazee wasio na nguvu tena, ambao hata jembe hilo halitawahusu. Zanzibar ililielewa jambo hilo ilipoanza 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, Sh 20,000 kwa mwezi wakati huo, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa au kama ana mtoto Ulaya. Kila mtu ana mama au babu anayepokea, kwa hiyo hakuna wa kunyooshewa kidole. Huku bara, ambako mzee lazima kwanza athibitishwe hadharani kuwa ni fukara, kidole kinapata pa kuelekea. Napenda wazee wetu wote wapate kama wale wa Visiwani. Ukiwapa kama haki ya umri, unaondoa pia ule mchezo mchungu wa kijiji kizima kupima nani ana bati bovu zaidi.

Tukirudi kwenye nyumba, wenye nguvu watalipa, na wengi wangependa kulipa. Shida iko kwenye ukubwa wa jembe lenyewe. Mikataba ya nyumba imeandikwa kwa mtu wa mshahara: fedha inaingia tarehe moja kila mwezi, inakatwa, maisha yanaendelea. Wakazi wengi wa majengo ya namna hii ni mama lishe, bodaboda, mafundi, wauza samaki wa kukaanga. Kipato chao huja jioni, na kwa siku ya mvua hakiji kabisa. Ghorofani mama lishe hana tena kibaraza cha kuwekea jiko na benchi la wateja, kwa hiyo amepata nyumba akapoteza biashara. Mwenyeji anayetaka kweli alipwe angeruhusu malipo ya kila siku kwa simu, Sh 2,000 leo na 5,000 kesho, angevumilia wiki za mvua bila faini, na angejenga vibanda vya biashara chini ya kila jengo, wapewe kwanza wanaoishi juu yake, kabla ya mfanyabiashara wa Kariakoo kuja na fedha taslimu.