Mnara wa Taa Machoni pa Asiyeuhitaji

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya sanaa na elimu ya dini huyashughulikia kwa pamoja, limo hili: je, mwanadamu anaweza kukipenda kitu ambacho hakimfai kwa lolote, na kama anaweza, upendo huo una uzito gani ukilinganishwa na ule wa mtu ambaye kitu hicho kilimwokoa? Swali hili hujitokeza wazi katika habari za mchoraji anayefunga safari kwenda kuitazama na kuichora minara ya taa, yaani majengo marefu yaliyosimamishwa pwani, visiwani na juu ya miamba ili mwanga wake uwaonye na kuwaelekeza mabaharia. Mchoraji huyo hana chombo baharini, hatafuti mlango wa bandari, wala hakuna mwamba unaomtishia maisha. Hata hivyo huuacha mji wake na kukaa chini ya mnara kutwa nzima akiutazama. Insha hii inadai kwamba kutazama huko si anasa ya mtu aliyekosa shughuli, bali ni namna ya haki ambayo mwenye haja hana nafasi ya kuitimiza.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kuangalia mnara unavyofanya kazi. Taa ya mnara haimmulikii baharia njia kama kurunzi inavyommulikia mtembea kwa miguu, kwa kuwa haikuwekwa ili vitu vingine vionekane, bali ili yenyewe ionekane. Tangu Mfaransa Augustin-Jean Fresnel alipobuni, katika miaka ya 1820, lenzi iliyoundwa kwa pete za vioo ambazo hukusanya mwanga unaotawanyika na kuuelekeza upande mmoja, taa ndogo imeweza kuonekana kutoka mbali sana. Na kila mnara hupewa mpangilio wake wa kuwaka na kuzima, ili nahodha ahesabu vipindi vya mwanga na kujua ni mnara upi anaouona. Mchana, umbo na rangi ya jengo hushika zamu, na ndiyo sababu baadhi ya minara hupakwa mistari myeusi na myeupe au hupakwa rangi nyeupe tupu. Kwa usiku na mchana, ujumbe ni uleule: hapa ni mahali fulani, kaa mbali. Baharia mwema ni yule anayeusoma mnara kisha akapita, na anayeukaribia mno huenda tayari amekwisha kupotea.

Hapa kuna jambo ambalo mwanafalsafa wa Ujerumani, Martin Heidegger, alilieleza katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1927, aliposema kwamba chombo kinachofanya kazi yake vizuri hujificha ndani ya kazi hiyo: fundi anayepigilia misumari haiwazi nyundo, huiwaza kazi, na nyundo humjia akilini pale tu inapovunjika. Mnara hujificha kwa namna hiyohiyo, tena zaidi, kwa sababu usiku baharia hauoni ukuta, wala ngazi, wala nyumba ya mtunzaji aliyekesha akiihudumia taa. Huona nukta ya mwanga tu, akaitafsiri kuwa umbali na mwelekeo. Haja yake imeukata mnara ukabaki alama. Hakuna lawama katika hilo, kwa kuwa maisha ya watu melini yanategemea wepesi wa kuisoma alama hiyo, lakini swali hubaki: mnara wenyewe, ukiwa kitu kamili chenye uso na kivuli, umeonwa na nani?

Mchoraji wa Marekani Edward Hopper, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufariki mwaka 1967, anastahili kuchunguzwa kama jibu mojawapo. Mwaka 1927, yeye na mkewe Josephine, ambaye naye alikuwa mchoraji, walinunua gari, na kiangazi cha mwaka huo wakasafiri kutoka New York hadi pwani ya jimbo la Maine, mahali paitwapo Two Lights katika Cape Elizabeth, ambako minara miwili ya chuma ilikuwa imesimamishwa mwaka 1874 kuchukua nafasi ya ile ya mawe ya mwaka 1828. Iliwekwa miwili ili isichanganywe na mingine ya pwani hiyo; lakini mwaka 1924 mnara wa magharibi ulizimwa, ukabaki ule wa mashariki ukiwaka peke yake. Hopper aliichora sehemu hiyo kwa rangi za mafuta na rangi za maji, akarudi tena mwaka 1929. Miongoni mwa matunda ya safari hizo ni Lighthouse Hill ya mwaka 1927 na The Lighthouse at Two Lights ya mwaka 1929, ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York.

Picha hiyo ya mwaka 1929 inaonesha mnara mweupe ukitazamwa kutoka chini, umeinuka kwenye anga la buluu, nyumba ikiwa imejibanza ubavuni mwake, na jua limeugonga upande mmoja kwa ukali kiasi kwamba mpaka kati ya mwanga na kivuli unaonekana kama mstari uliokatwa kwa kisu. Hakuna mtu. La kushangaza zaidi ni kwamba hakuna bahari: jengo ambalo sababu yake yote ya kuwapo ni maji limechorwa bila tone la maji, na taa ambayo kazi yake kuu ni ya usiku imechorwa mchana kweupe. Hopper aliwahi kueleza kwamba alichokitaka katika uchoraji ni kuonesha mwanga wa jua ubavuni mwa nyumba, na hapa alifanya hivyo kwa jengo ambalo lenyewe ni la kutoa mwanga. Kwa mara hii, kinachowaangazia wengine ndicho kimeangaziwa.

Immanuel Kant, katika uchunguzi wake wa hukumu za uzuri uliochapishwa mwaka 1790, alifundisha kwamba furaha ya kuuona uzuri ni furaha isiyo na maslahi, maana yake ni kwamba anayekihukumu kitu kuwa kizuri haulizi kama anakimiliki, kama atakila, wala kama kitamfaa. Hata hivyo, Kant alitofautisha uzuri ulio huru, kama wa ua, na uzuri unaofungamana na lengo, kama wa kanisa au jumba la kifalme, ambao hauwezi kuhukumiwa bila kujua jengo limekusudiwa kuwa nini. Kwa kipimo hicho mnara wa taa umo katika kundi la pili, na hapo ndipo ugumu wa kazi ya mchoraji ulipo: akisahau kabisa kwamba mnara ni wa kuokoa watu, atachora bomba jeupe lisilo na maana; akikumbuka uokozi peke yake, atarudi kwenye nukta ya mwanga ya baharia. Anatakiwa kulijua lengo la mnara bila kuwa yeye ndiye mlengwa.

Dhidi ya maoni haya lipo pingamizi ambalo wahenga wa Kiswahili walilifupisha katika methali isemayo kwamba aisifuye mvua imemnyea. Kwa mujibu wake, sifa yenye ukweli hutoka kwa aliyepatwa, na hivyo anayestahili kuusifu mnara ni yule ambaye usiku wa dhoruba aliuona mwanga wake akajua kwamba atafika salama, si msafiri aliyekuja kwa gari na kisanduku cha rangi. Pingamizi hili ni zito, tena limepata mchoraji wa kulisemea. Mwaka 1819, J. M. W. Turner wa Uingereza alichora kwa rangi za maji mnara wa Bell Rock, uliojengwa chini ya usimamizi wa mhandisi Robert Stevenson juu ya mwamba unaofunikwa na maji kila bahari inapojaa, kilomita 18 hivi kutoka pwani ya Arbroath huko Scotland, na kuwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1811. Turner hakufika mahali hapo. Alifanya kazi kwa michoro aliyopatiwa, na alichokichora ni hatari yenyewe: mawimbi yanaupanda mnara na vyombo vinahangaika. Yaani alijiweka kwa fikra mahali pa mtu mwenye haja, na ukuu wa picha yake unathibitisha kwamba jambo hilo linawezekana bila safari.

Lakini tofauti kati ya Hopper na Turner inasaidia kuonesha haki iko wapi. Fikra inaweza kuumba hofu na matumaini, kwa kuwa hayo yamo ndani ya mwanadamu tayari; haiwezi kuumba namna jua la saa fulani linavyoangukia ukuta fulani, kwa kuwa hilo ni la kitu chenyewe na hupatikana kwa kukiendea. Mwanafalsafa wa Ufaransa Simone Weil, aliyefariki mwaka 1943, aliuita uwezo wa kukipokea kitu kwa namna hiyo usikivu, akimaanisha hali ya nafsi kunyamazisha matakwa yake ili kitu kilicho mbele yake kipate nafasi ya kuwa kilivyo, akaona kwamba usikivu huo, ukifikia ukamilifu wake, haupambanuki na sala. Safari ya mchoraji ni gharama ya usikivu huo.

Dini nazo zimeujua mgogoro huu kati ya kupenda kwa haja na kupenda bila haja kwa muda mrefu. Rabia al-Adawiyya wa Basra, mwanamke mcha Mungu aliyefariki yapata mwaka 801, anakumbukwa katika mapokeo ya Kisufi kwa kufundisha kwamba Mungu aabudiwe kwa ajili yake mwenyewe, si kwa kuogopa moto wala kwa kutumaini pepo. Mafundisho hayo hayalaani hofu wala matumaini, maana viumbe wengi huanzia hapo. Yanasema tu kwamba anayebaki hapo hajamwona anayemwabudu, ameiona nafsi yake ikiponyoka au ikineemeka. Baharia huuendea mnara wake kwa hofu na kwa matumaini, na ana haki ya kufanya hivyo. Mchoraji anaweza kwenda bila vyote viwili. Ni kweli kwamba mnara si Mungu, na anayeuweka mahali pa Mungu amekosea njia. Lakini nafsi iliyojizoeza kukiona kiumbe bila kukigeuza kuwa chombo imekwisha kujifunza hatua ya kwanza ya ibada isiyo na malipo.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi katika risala aliyoiandika kuifafanua aya ya Nuru katika Kurani, pale alipoeleza kwamba jina la nuru kwa maana yake ya hakika ni la Mungu peke yake, na kwamba kila kingine kiitwacho nuru kimeazima. Anayeitazama picha ya Hopper kwa kumbukumbu ya fundisho hilo ataona kwamba mnara uliosimama katika jua la mchana haudhaliliki kwa kuwa taa yake haina kazi saa hiyo. Unaonekana katika hali yake ya kweli, hali ya mtoaji ambaye naye ni mpokeaji. Hilo ni jambo ambalo giza la bahari haliwezi kumfundisha baharia, hata kama shukrani yake ni kubwa kiasi gani.

Wakati wetu umelifanya swali hili kuwa la lazima. Vyombo vinaongozwa kwa setilaiti, watunzaji wameondoka minarani na taa kuachiwa mitambo inayojiendesha, na mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria inayoruhusu minara ya kihistoria isiyohitajika tena serikalini kukabidhiwa bure kwa taasisi zitakazoitunza. Kama thamani ya kitu ingekuwa ni faida yake tu, sheria ya namna hiyo isingekuwa na maana, na ingetosha kuiacha minara iliwe na chumvi hadi ianguke. Wanaoitunza wanakiri kwa vitendo kile ambacho mchoraji alikiri kwa rangi: kwamba kilichowatumikia watu kwa uaminifu kinadai kuonwa na kuheshimiwa hata baada ya utumishi wake kwisha. Kanuni hiyo haiishii kwenye mawe na chuma, kwani wazee wasioweza tena kufanya kazi na wagonjwa wasio na la kumpa mtu nao humkabili kila mmoja kwa swali lilelile, na jamii iliyozoea kuvitazama vitu kwa jicho la haja peke yake itawatazama na wao kwa jicho hilo.

Kwa hiyo methali ya mvua inabaki kuwa kweli kwa nusu ya jambo. Aliyenyewa anajua mvua inafanya nini, na ushuhuda wake hauna mbadala; lakini kujua mvua ni nini kunahitaji pia mtu aliyesimama kando akaitazama kwa subira, bila kungoja mavuno yake. Shukrani ya aliyeokolewa hulipa deni lake mwenyewe. Heshima ya asiyedaiwa hutolewa bure, na ndiyo maana inaweza kumfikia hata yule asiye na chochote cha kutoa.