Safari na Deni

Twapenda kushuka Mombo na kufika Tanga kuwasalimu jamaa zetu, wala safari hiyo si dhambi. Lakini tukipanda gari, na huku mwenye duka wa Lushoto angali akingoja fedha zake, je, nauli ile ni yetu? Mtume Paulo alisafiri sana, naye pale Korintho alishona hema kwa mikono yake (Matendo 18:3), asimlemee mtu. Basi tukiuza mboga zetu, tutenge chakula cha watoto, kisha fungu la deni, hata likiwa dogo. Kinachosalia ndicho cha safari. Na msiba ukituita ghafula, tusimkwepe mdai wetu. Tupite kwake kwanza, tumwambie kweli, ndipo tutakwenda kwa amani. Amina.